Mlio wa Kwanza wa Tone

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwisho wa hadithi hii mimi sitatoa jibu, nitalidai.

Chini ya milima ya Taita waliishi vyura watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mwamvua alijua kupiga povu. Mwadime alijua kuchimba. Wakesho, chura asiye na miguu ambaye wakulima kila siku humdhania mnyoo, alikuwa na ngozi nono inayolika na kuota tena. Na alikuwapo Tone, chura mdogo, ambaye siku hiyo hakutulia hata kidogo. Koo lilikuwa linamvimba.

Kwao mlio wa kwanza si mchezo. Chura mchanga hulia jina moja tu, na aliyetajwa ndiye atakayejifukia naye ardhini kiangazi kizima. Shimo huwatosha wawili tu, mkubwa na mchanga wake, wakitunziana unyevu; wakubwa kwa wakubwa hawajifukii pamoja. Anayejifukia peke yake, mara nyingi mvua humkuta amekauka. Na mawingu yalikwisha ondoka.

Tone akaruka hadi kwa Mwamvua.

"Mwanangu, nilipiga povu kwa miguu kutwa nzima juani, nikalifunika yai lako lisiungue," Mwamvua alisema. Mguu wake mmoja haukunyooka tena tangu hapo, wala hauchimbi shimo.

"Mbona ukaniacha?"

"Kwetu kuzaa ni kupiga povu juu ya dimbwi na kuiachia mvua iwaangushe watoto majini. Sikujua dimbwi lingekauka."

Tone hakukaa. Akaruka hadi kwa Mwadime, kwa kuwa dimbwi lilipokauka na viluwiluwi wakaanza kugaagaa topeni, ni yeye aliyechimba mfereji kwa kichwa hadi mtoni, ingawa hawakuwa wanawe. Kidonda cha kichwani hakijapona mpaka leo, na unyevu humtoka hapo.

"Baba Mwadime, na ndugu zangu?"

Mwadime akatazama chini. "Wawili watatu niliwameza. Njaa, mwanangu. Bila nguvu ile mfereji usingefika."

Tone akamchukia, na papo hapo akaona haya, maana katika mfereji ule ndimo alimopita yeye.

Akaruka tena, akaenda kwa Wakesho. Siku ile mfereji ulipomfikisha mtoni, Tone alikuwa amenasa kwenye tope la ukingo, hana cha kula, na kiluwiluwi mwenye njaa haoti miguu. Wakesho akamkuta, akamlalia ubavuni, akasema, "Kula." Tone akaigugunua ngozi yake siku baada ya siku, hadi miguu ikachomoza. Safari hii ngozi haikuwahi kuota tena kabla ya kiangazi. Wakesho alikuwa amekonda, anatetemeka.

"Mama Wakesho, unaumwa?"

"Usinihurumie," Wakesho alijibu. "Anayehurumiwa hachaguliwi, hupewa sadaka. Lia jina unalotaka."

Tone akarudi kwa Mwamvua, akaondoka, akarudi kwa Mwadime, akaondoka. Aliogopa. Aliwapenda wote, hata yule aliyewala nduguze, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Alijaribu kuubana mlio, lakini mlio wa kwanza haubaniki. Wale watatu wakageuza nyuso, kila mmoja upande wake, wasije wakamshurutisha kwa macho.

Koo likajaa. Kinywa kikafunguka.

Haya, wewe uliyenawa uso, anza. Je, ungekuwa Tone, ungelia jina la nani? Na ukishalia, wale wawili utawaagaje?