Nguo ya Jumbe Yenye Michirizi

Hapo zamani, sisi sote hatujazaliwa, watu watatu walitia nguo rangi ya nili katika karakana moja ya mji wa Kwembago. Mbelwa ndiye aliyebuni jiwe la kupimia mkazo wa kitambaa. Alilifunga kwa kamba kwenye kijiti kilicholala juu ya kitambaa kinapotoka katika pipa la rangi. Kitambaa kikikazwa mno, rangi isiingie, jiwe lilipanda. Kikilegea, kijikunje na kushika madoa, jiwe lilishuka. Mwanahija, shemeji yake, alilitazama jiwe na kuita, "Kaza!" au "Legeza!" Semboja, mwenye kifua kipana, alizungusha gogo la kuvutia kitambaa.

Jumbe mpya akaagiza nguo ya kutawazwa.

"Iwe buluu tupu," alisema. "Atakayeiharibu ahame mji."

Siku ya kazi, shoga yake Mwanahija akapita dirishani na habari za ndoa iliyovunjika. Mwanahija akageuka kusikiliza. Kumbe nyuma yake kamba imekatika, jiwe limetumbukia pipani! Semboja, asiposikia sauti, akavuta alivyopenda. Mwanahija akageuka tena. Nguo nzima ilikuwa michirizi, hapa nyeupe, pale nyeusi tii.

"Kamba ya shemeji hiyo!" alisema.

"Kamba gani? Semboja anavuta kama anakokota ng'ombe," alisema Mbelwa.

"Mimi huvuta ninavyoambiwa," alisema Semboja. "Leo nani kaniambia?"

Jumbe akaingia. Mwanahija alishaanza kuwaza nyumba ya mama yake, mji wa pili. Jumbe akaitwaa nguo, akajitanda, akajigeuzageuza.

"Sijapata kuona uzuri huu! Nani kafanya? Huyo ndiye mkuu wa karakana, na kofia ya ukuu hii hapa."

Kisha Mwanahija akajikuta amepiga magoti.

"Mimi, Jumbe. Sikutazama! Ningetazama, ungevaa buluu kama ya kila mtu."

"Mwongo!" alifoka Mbelwa. "Kamba niliifunga mimi, nami nilijua imeoza."

"Na mikono iliyovuta ovyo ni ya nani?" aliuliza Semboja. "Mwenye akili angesimama aulize. Mimi sikuuliza!"

Wakakamatana mashati, kila mmoja akiligombea kosa alilolikana punde tu. Mwanahija, aliyeaibika maisha yake yote kwa kupenda umbea, sasa aliapa kuwa umbea wake ndio uliotia michirizi.

Jumbe akabaki na kofia ya ukuu mkononi, asijue kichwa cha kuivisha. Nami sijui. Haya, semeni nyinyi: asiyetazama, aliyefunga kamba mbovu, au aliyevuta bila kuuliza, je, nani aliharibu vizuri kuliko wenzake?