Mkanda wa Mguuni

Sogeeni, na mwenye mtoto ampakate vizuri, maana haya yalinishtua hata mimi ninayeyasimulia.

Hospitali moja ilikuwa na wanawake watatu. Tausi, muuguzi, hapitwi na kitu machoni. Semeni, mtunza ghala, alijua kuisoma kwa macho mistari ya msimbopau, ile myeusi ya kwenye maboksi ambayo sisi wengine tunaiachia mashine. Zawena, karani, alikuwa na kichwa cha hesabu, na mdomo wa kujisifu pia.

Mvua ya upepo iliezua paa la wodi ya wazazi, watu wakakimbizana kuwaondoa watoto. Kulipotulia, Mwasiti, mzazi wa kitanda cha kwanza, akapewa binti mchanga akamnyonyesha. Nyamizi, wa kitanda cha pili, naye akapewa mwingine. Kesho yake Tausi akamwangalia mtoto aliye na Nyamizi miguuni, pale kila mtoto anapofungwa mkanda wenye nambari ya mama yake, akapiga ukelele.

"Mkanda wa huyu uko wapi?"

Mwasiti akamfunua aliyempakata. Mkanda upo, lakini nambari zimefutika, na mashine ikielekezwa mistarini haisemi kitu.

"Jamani, huyu si wangu?"

"Kosa ni letu," Tausi akasema. "Tunabandika plasta mkanda usimkwaruze mtoto, tunaziba weupe wa kando ya mistari. Pasipo weupe ule, mwanzo na mwisho wake haujulikani."

Akaibandua polepole. Ncha zote mbili zikaonekana, ila katikati maji yalikuwa yamekula wino, na mashine ikabaki kimya.

Semeni akainama na kioo cha kukuzia. Kila tarakimu ina mpangilio wake wa mistari minene na myembamba, na nafasi za katikati nazo zinahesabika. Akasoma: nne, sifuri, mbili, moja, tatu. Ya sita ikamtoa jasho.

"Ama tatu, ama nane. Ya saba ni nne."

Kadi za akina mama zilikuwa na tarakimu sita tu. Tano za kwanza zilifanana; ya Mwasiti iliishia na tatu, ya Nyamizi na nane.

"Ya saba hutokana na hizo sita," Zawena akasema, kalamu mkononi. "Imewekwa ili kosa lijulikane." Akazidisha, akajumlisha, akarudia. Safari hii hakujisifu. "Ingekuwa tatu, ya saba ingekuwa tisa. Ni nane, dada. Huyo ni wa Nyamizi."

Mwasiti akapigwa na butwaa. Usiku kucha amemwimbia mtoto wa mwenziwe! Akamtoa kifuani akampa Nyamizi, akampokea wake, naye mtoto akaanza kunyonya palepale.

Sasa kwao Mwasiti, mtoto huitwa jina la aliyemtia mikononi mwa mamaye. Siku ya saba wembe wa kunyolea nywele uko tayari, wageni wamejaa, na wale watatu wameketi mkekani, kila mmoja akimtazama mtoto kama wake.

"Mwanangu, taja jina," mama mkwe akamhimiza. "Moja tu."

Mwasiti akawatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine.

Haya, nyinyi mliokaa kimya: mtoto huyu ni Tausi, ni Semeni, au ni Zawena? Je, wewe ungeamua vipi, na wale wawili ungewaambia nini?