Matanga ya Mkungu Aliye Kimya

Ngano, jamani!
— Ngano itujie!
Ije na nini?
— Ije na chumvi!
Chumvi ikizidi je?
— Tutashushia maji!
Maji hayapo. Leo ni ngano ya ukame, kwa hiyo mezeni mate na mnisikilize.

Hapo zamani za kale, kwenye kilima cha mchanga mwekundu, palisimama miti mitatu jirani. Wa kwanza Mkungu, wa pili Mnazi, wa tatu Mkorosho. Ndani ya Mkungu kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu aliishi Bi Siwema Kindi, mjane, na wanawe watatu waliokuwa bado hawajaota manyoya. Walikuwa uchi kama viazi vilivyomenywa, lakini mama yao aliwaona wazuri kuliko watoto wote wa kilima kile. Si ndivyo mama zetu walivyo?

Siku hizo miti ilikuwa inasema, tena ilisema sana. Mkungu alimsengenya Mnazi, Mnazi alimcheka Mkorosho kwa matawi yake yaliyopinda. Kisha mvua ikakosekana. Vuli ikapita kavu, masika nayo ikapita kavu. Miti ikanyamaza. Ukimwamkia Mkungu, kimya. Ukimwuliza habari za asubuhi, kimya. Halafu majani yake yakageuka mekundu, yakaanza kudondoka moja moja, mpaka akabaki mifupa mitupu.

Sasa palikuwa na Tumbili. Wakati ule Tumbili alikuwa na uso mweupe, msafi, na aliupenda mno. Alikuwa mvivu wa kulima na hodari wa kula, na njaa ilikuwa imemkaba. Na kilima kile kilikuwa na desturi yake. Mti ukifa, yule anayeulilia kwanza ndiye mfiwa. Mfiwa hukaa mkekani, hapiki, hachoti maji, na majirani wote humletea chakula mpaka matanga yaanuliwe. Kisha huitwa Mchwa kuja kumzika marehemu. Na Mchwa wanavyozika mnawajua. Hawaachi hata kijiti.

Tumbili alimtazama Mkungu asiye na jani, akalitazama tumbo lake. Akatandika mkeka, akaangua kilio:

"Ole wangu, mjomba kaniacha!
Mfiwa hapiki, mfiwa hapiki,
Nani atanipikia?"

Majirani wakaja mbio. Ngiri alileta mihogo, Kanga akaleta mtama, Kobe akaleta uyoga mkavu. Nao walikuwa na njaa, lakini msiba ni msiba. Wakaketi, wakainamisha vichwa, maana katika matanga ya kilima kile hairuhusiwi kuinua macho kumtazama marehemu. Tumbili alikula huku analia, na katikati ya kilio akauliza kama kuna chumvi.

Bi Kindi alitoka tunduni mbio. Mchwa wakija, yeye na wanawe wataenda wapi? Nje kuna mwewe, na watoto hata manyoya hawana. Akawaambia majirani kwamba Mkungu hajafa. Ngiri, ambaye ndiye aliyesimamia misiba yote, akamwuliza amejuaje. Bi Kindi akasema kila siku, jua linapokuwa utosini, huweka shavu lake kwenye mti kwa ndani, na mti ni wa baridi kama mtungi wa maji.

"Bi Siwema," akasema Tumbili kwa upole, akijifuta mtama mdomoni, "na maiti huwa wa moto?"

Watu wakaguna. Ngiri akamwita Mkungu mara tatu kwa jina lake. Kimya. Basi ikakatwa shauri kwamba kesho matanga yataanuliwa, na Mchwa wataitwa.

Bi Kindi alirudi ndani akalia. Alilia kweli, si kama yule wa mkekani. Hata yeye moyoni hakuwa na hakika. Labda ni kweli amekufa, labda anajidanganya kwa sababu hana pa kwenda. Lakini alipoweka shavu tena, ubaridi ulikuwapo. Akajiambia, huyu Tumbili halii kwa uchungu, analia kwa tumbo, na mwenye kulia kwa tumbo hataki matanga yaishe.

Asubuhi akamfuata mkekani na konzi ya kungu kavu, matunda ya Mkungu, kutoka ghala lake. Akampa pole. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba anamwonea huruma, maana anamlilia mjomba mmoja na huku shangazi yake Mnazi tangu juzi anadondosha vidaka, nazi zisizokomaa. Watoto wachanga kabisa, wanaanguka mmoja mmoja. Mama anayemwaga watoto hivyo atakuwa mzima?

Tumbili akatazama. Kweli, chini ya Mnazi vidaka vilitapakaa, na makuti yalikuwa yamelegea. Akaburuta mkeka mpaka pale:

"Ole wangu, shangazi kaniacha!
Mfiwa hapiki, mfiwa hapiki,
Nani atanipikia?"

Matanga yakaanza upya, na Mchwa hawakuitwa. Ngiri alileta mihogo michache zaidi, Kanga akaleta mtama konzi moja tu, Kobe akaja na pole peke yake. Palipopungua, Bi Kindi alijaza kutoka ghala lake, kungu baada ya kungu, na Tumbili akanawiri kama bwana harusi.

Siku ya kuanua ilipokaribia, Bi Kindi akaja tena. Akamwuliza kama amemwona babu yake Mkorosho, jinsi majani yalivyokakamaa kama ngozi ya ngoma, yamejaa vumbi, hata upepo ukipita hayasemi kitu. Tumbili hakungoja amalize. Alikuwa ameshauburuta mkeka:

"Ole wangu, babu kaniacha!
Mfiwa hapiki, mfiwa hapiki,
Nani atanipikia?"

Safari hii majirani walikuja mikono mitupu. Ngiri alisema misiba imezidi mihogo. Na Bi Kindi alipoingia ghalani, akakuta sakafu. Hakuna kungu hata moja. Wanawe walikuwa wanalilia chakula na yeye amemlisha mtu mzima mwenye kitambi. Hapo alijuta, na mimi nisingemlaumu.

Basi kesho yake Mchwa wakaitwa. Walikuja mstari mrefu, na mbele yao mkuu wao, Mzee Nanguo, mwenye kichwa kikubwa na maneno machache. Tumbili akawaonyesha waanze na Mkungu, maana ndiye aliyetangulia kufa. Mchwa wakaelekea tunduni kwa Bi Kindi. Yeye akasimama mlangoni, watoto nyuma yake.

"Mzee Nanguo," akasema, "nakuuliza swali moja, kisha uingie. Tangu lini maiti akabebwa kabla kaburi halijachimbwa?"

Mzee Nanguo akasimama. Miaka yote walikuwa wakizika kwa kula tu, wala hakuna aliyewahi kuwauliza habari ya kaburi. Akaona aibu kidogo. Akaamuru lichimbwe kaburi moja kwa maiti wote watatu, kando ya Mkorosho, palipo mchanga laini.

Mchwa wakachimba. Majirani wakaketi vichwa chini, kama desturi. Tumbili naye akakaa mkekani chini ya Mkorosho, akilia polepole ili asipungukiwe na nguvu. Mara, pwa! Kitu kikamwangukia utosini. Akakitazama. Ni bibo, bivu, jekundu, linadondoka maji, na korosho yake imening'inia chini.

Tumbili akainua macho, na yeye tu ndiye aliyethubutu. Marehemu babu yake alikuwa amejaa mabibo. Amezaa katikati ya kiangazi, na wote wameketi chini yake wameinamisha vichwa wanamwombolezea!

Mnadhani alisema? Angesema, matanga yangekwisha na chakula kingedaiwa. Alitaka kuuficha ushahidi, na Tumbili anajua ghala moja tu la kufichia. Akalimeza bibo. Kisha akaitia mdomoni na korosho, mbichi, na ganda lake, akaitafuna.

Nyie mliowahi kubangua korosho mbichi mnacheka, kwa sababu mnajua. Mafuta ya ganda yakamchoma ulimi, yakamchoma midomo. Akajifuta kwa mikono, mikono ikapaka mashavu. Akajifuta mashavu, mafuta yakapanda kwenye paji la uso. Akataka kupiga kelele, lakini mdomo ulikuwa umevimba kama andazi.

Wakati huohuo Mzee Nanguo akatokeza kaburini. Alikuwa ameufuata mzizi wa Mkorosho chini, chini tena, chini zaidi, mpaka penye giza. Alikuwa amelowa tope kichwa kizima. Tope, katika ukame ule! Watu wakasahau desturi, wakamtazama.

"Ngiri," akasema Mzee Nanguo, "huyu maiti wenu anakunywa maji."

Kisha akaenda kwa Mkungu, akaonja gome kidogo, akatema. Kwa ndani lilikuwa bichi, la kijani, na Mchwa wale hawakuwa walaji wa walio hai. Akapanda kwa Mnazi mpaka kileleni, akakuta kuti changa linachomoza. Akashuka, akawaambia watu wake wapange mstari, warudi nyumbani.

Ngiri akamgeukia mfiwa apate maelezo. Mfiwa akainua uso, nao ulikuwa mweusi tii, midomo imetuna, na kipande cha ganda la korosho kimenata kidevuni. Ngiri akatazama juu, akayaona mabibo, akaelewa yote. Tumbili akahukumiwa kuwachumia majirani chakula mpaka mvua inyeshe, na Bi Kindi alipewa fungu la kwanza. Uso aliusugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa majani. Haujatakata mpaka leo.

Mvua ikaja. Mkungu akachipua, majani yakafunguka. Kumbe kila jani ni mdomo, na kila neno hutoka na maji kidogo. Ndiyo maana Mkungu aliiangusha midomo yake, Mkorosho akaifunga na kuinyoosha miguu yake chini, na Mnazi akaacha watoto wachache ili abaki mama wa kuzaa tena. Walikuwa wanabana matumizi, basi.

Bi Kindi alikuwa mlangoni, wanawe wameshaota manyoya, wanarukaruka. Mkungu akajinyoosha, akapiga miayo, na neno lake la kwanza baada ya ukame wote ule likawa hili:

"Bi Siwema, usingizini nilisikia kilio cha msiba. Nani alikufa?"

"Hakufa mtu, jirani yangu," akasema Bi Kindi. "Ni Tumbili tu, alikuwa na njaa."

Basi, wanangu, mafunzo ni haya: aliyenyamaza si aliyekufa, na kabla hujamzika jirani, kamtazame mizizi. Na ukimwona mtu analia sana kuliko wenye msiba, kitazame chakula.

Ngano yangu naifukia hapa. Aliye na masikio ameshika mbegu, aliyesinzia ameshika ganda. Nami nimesema mno, koo limekauka. Nileteeni maji.