Kundi la Nyuma

Jamani, leo sina maneno marefu. Nina habari ya akina mama wawili, na habari yenyewe ni ya baiskeli. Chekeni sasa hivi, mkimaliza nianze. Na ninyi mlioko kule mlangoni sogeeni, sauti yangu si ile ya zamani.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kule Usukumani. Kazi yake ilikuwa mizani. Robota likitoka kwenye mashine linaletwa kwake, analipima, anataja kilo kwa sauti, karani anaandika. Jina lake nalijua ila nalifunika. Tumwite Mama Mizani. Rafiki yake alikuwa mshona magunia, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi na sindano ndefu ya kushonea, ile ambayo hata panya wakiiona wanahama. Huyu tumwite Mama Sindano. Hawa wawili waliingia kibaruani msimu mmoja, na kwa miaka kumi na minne mchana walikula kwenye sufuria moja. Mmoja akiumwa jino, mwingine naye anakula uji.

Sasa, msimu mmoja wa pamba, karani wa kiwanda akaleta mchezo kwenye simu. Kule Ulaya kuna mashindano ya baiskeli ya majuma matatu. Watu wanapanda baiskeli asubuhi, wanaendesha mpaka jioni, wanalala, kesho tena. Wanakatisha mashamba, wanakatisha miji, wanapanda milima yenye barafu juu. Mchezo wa karani ulikuwa hivi: kila mtu anachagua waendeshaji wanane katika wale karibu mia mbili, anasema hawa ndio timu yangu. Wakifanya vizuri kule, wewe huku umekaa zako juu ya gunia unapata alama. Wakianguka, umeanguka nao. Hakukuwa na dau wala zawadi, ilikuwa heshima tu. Lakini heshima tu, jamani, nani hapa haijamtoa jasho?

Walijiandikisha saba. Kila jioni kazi ikiisha wanakaa kwenye benchi refu nje ya ghala, simu ya karani imeegemezwa kwenye debe, wanatazama mwisho wa safari ya siku ile. Wakajitungia na sheria. Aliye wa mwisho kwa alama anabandikwa mkia. Pamba hawakuikosa, ilikuwa mpaka kwenye nyusi zao. Wanasokota mkia mrefu mweupe, wanaubana kwa pini mgongoni, na kesho yake mtu anafanya kazi mchana kutwa na mkia wake.

Mama Mizani alichagua watu wake kama anavyopima marobota. Huyu wa milima, huyu wa tambarare, huyu mwepesi, huyu mzito. Nguzo ya timu yake ilikuwa jitu moja lenye mapaja kama vinu, bingwa wa kuchomoka mita mia mbili za mwisho wakati wenzake ulimi uko nje. Alimpenda sana, akamwita Mkwe. Alikuwa akisema laiti angebakiwa na binti, mahari angesamehe.

Na Mama Sindano je? Yeye alichagua wanane wote wa timu moja. Karani akamwambia, mama, wachanganye, hao wakipata balaa umekwisha. Akakataa katakata. Alisema watoto wametoka nyumba moja, wamevaa nguo za rangi moja, halafu yeye aje awatenganishe, kwa sababu gani? Basi siku ya nne kukanyesha kule, wale wakateleza kwenye kona, wakaanguka wanne kwa mpigo kama kuni zilizokatika kamba. Na kwa kuwa wanakula meza moja, siku ya saba tumbo likawashika wote waliobaki. Siku ya tisa alikuwa hana hata mmoja barabarani.

Mkia ukahamia kwake. Siku ya kwanza aliucheza. Alipita kwenye mizani akiutikisa, akasema, "Nipime na mkia wangu, nione kama nimenenepa." Watu wakalia kwa kicheko. Siku ya pili akacheka kidogo. Siku ya tano ya mkia alisimama tu wakambandika, kama mtu anayepimwa sanda.

Jioni ile hakukaa kwenye benchi. Alichukua baiskeli yake akaishika usukani. Mama Mizani akamuuliza mbona anaondoka na mbio hazijaisha.

"Sina mtu tena kule," alisema Mama Sindano. "Nikae nimtazame nani?"

"Kaa tumtazame Mkwe."

"Mkwe ni wako, mwenzangu."

Akaondoka, mkia bado uko mgongoni.

Kesho yake hakuja kazini. Na kibarua asiyekuja haulizwi, haandikwi. Sindano inapewa mtu mwingine na magunia yanashonwa. Mama Mizani alipiga simu, haipatikani. Pale kwenye benchi wakasema kanuna, kazima simu makusudi, mwache apoe, mchezo ni mchezo. Mama Mizani akasema atakwenda jioni. Nyumba ya mwenzake ilikuwa ng'ambo ya mto mkavu wa mchanga, kama dakika arobaini kwa mguu. Jioni ikafika, na Mkwe akawa yuko mbele, na mita za mwisho ndizo hizo. Akashinda. Walipomaliza kushangilia, Mama Mizani akaona jua limeshuka, akasema kesho.

Siku ya pili mchana alifungua sufuria, akaona chakula ni cha watu wawili. Mazoea ya mkono. Akala robo, kingine akampa mlinzi. Siku hiyo alikosea kilo mara tatu, mpaka karani akamuuliza kama mizani ndiyo mbovu au yeye. Alijua kinachomuuma. Miaka kumi na minne ilikuwa inamponyoka, na kila alipopata nafasi ya kuishika, alikuwa ameshika kitu kingine. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya milima, siku ambayo wazito kama Mkwe hufia njiani. Akajiambia ngoja avuke milima, halafu nitakwenda na moyo uliotulia.

Msimhukumu haraka. Kupenda alikuwa anapenda. Miguu ndiyo haikupewa habari.

Sasa sikilizeni mambo ya milima. Kule juu wepesi wanaruka kama mbuzi, na wao ndio wanaoonyeshwa. Wazito wanabaki nyuma, hakuna anayewatazama. Na kuna muda umewekwa: ukifika baada ya muda ule, unarudishwa kwenu. Basi wale wa nyuma wana desturi. Wanaungana. Timu hii na timu ile, watu ambao jana walisukumana viwiko, leo wanakwenda kundi moja, wanapeana maji, mmoja anaangalia saa, mwingine anakata upepo. Hakuna anayepata alama kwa kuwa kwenye lile kundi. Wanachotafuta ni kufika tu, kesho wawepo.

Jioni ile wote walikuwa kwenye benchi, simu kwenye debe. Wa mbele wakafika, wakapigiwa makofi, wakapewa maua. Mama Mizani hakuwa na habari nao. Alikuwa anahesabu dakika. Ishirini na tano zikapita, thelathini zikapita, picha haiwaonyeshi. Muda uliowekwa ukaisha, na lile kundi halijatokea. Dakika nne baadaye ndipo wakaonekana, kama watu arobaini, wamekunja migongo, na Mkwe yumo katikati.

Mama Mizani akashika kichwa. Akamwambia karani asome kwenye simu, kimetokea nini. Karani akasoma kimyakimya kwanza, kisha akasema kuna mmoja alianguka kwenye mteremko, wakamsubiri.

"Wa timu ya Mkwe?"

"Hapana. Wa timu nyingine. Tena huyo huyo anayeshindana na Mkwe kila siku."

Mama Mizani alikasirika mpaka akasimama. Akasema hajawahi kuona upumbavu wa namna hiyo, mtu ana miguu, ana saa, ana mama yake anayemtazama Usukumani, anamsubiri mtu ambaye kesho atampita. Akauliza nani aliwatuma. Kwa nini wasimwache hapo, madaktari si wapo, gari si lipo?

Karani akasogeza simu karibu na macho. "Hapa mmoja wao ameulizwa hivyo hivyo," alisema. "Anasema walipofika chini ya mteremko walijihesabu, wakaona hawajatimia."

Mlinzi alikuwa ameegemea ukuta, mtu asiyesema sana, kijiti chake kiko mdomoni. Akakitoa.

"Na sisi hapa," akauliza, "tulikuwa wangapi?"

Benchi lile lilikuwa la watu saba. Wanakaa kila mmoja mahali pake, na pale katikati, karibu na Mama Mizani, palikuwa na nafasi ya mtu mwembamba. Siku tatu walikuwa wanaweka hapo sahani ya karanga.

Karani akaanza kusema kitu, kwamba majaji wa mbio wanakaa kuamua, kwamba pengine watawasamehe kwa kuwa ni wengi, mtu hawezi kufukuza watu arobaini. Mama Mizani hakusikia mwisho wake. Alikuwa ameshaomba baiskeli ya mlinzi, ameshakunja khanga kiunoni. Kama Mkwe alisamehewa au la, alikuja kujua kesho yake, na hakuuliza yeye.

Alifika ng'ambo ya mto giza likianza kuingia, mchanga umemjaa kwenye viatu. Akamkuta Mama Sindano amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kinu kilicholazwa, umefungwa khanga kuukuu, kifundo kimevimba kama kibuyu. Akapiga hodi akiwa bado yuko mbali.

"Karibu, mwenzangu," alisema Mama Sindano. "Leo sijapika."

Mama Mizani akasema hakuja kula. Akamuuliza amepatwa na nini. Ndipo akaelezwa kwamba jioni ile ya mkia, pale kwenye mchanga wa mto, mnyororo ulichomoka, akaanguka, akaiangukia na simu. Jirani alimkokota mpaka nyumbani, na ndiye anayemchotea maji. Hakuwa amenuna hata kidogo. Kesho yake angekuja na mkia wake, na alikuwa ameshaandaa na la kuwachekesha.

Mama Mizani akauliza tena, maana hakuelewa, mbona amemkaribisha kwa kumwambia hajapika.

Mama Sindano akautengeneza mguu juu ya kinu. "Juzi nilichemsha michembe ya viazi kwa watu saba," akasema. "Nikasema kazi ikitoka watakuja kuniona. Jana nikachemsha ya wewe peke yako. Leo sijapika."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira lingekuwa jepesi, hasira mtu unaijibu. Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa mgeni. Na Mama Mizani, mwanamke ambaye alikuwa akitaja kilo mpaka mwisho wa kiwanda wanasikia, aliinama. Akavua viatu, akakung'uta mchanga, akauliza michembe imewekwa wapi.

Basi. Habari imeishia hapo jikoni, wale tuwaache na moshi wao. Turudi kwetu sisi.

Mimi sikuja kuwaambia muache kutazama mbio. Tazameni. Vijana wale wanapendeza, na Mungu ndiye aliyewapa yale mapaja. Mama Mizani alijua goti la Mkwe, alijua amekohoa usiku, alijua mpaka anakunywa nini asubuhi. Moyo wa kujali alikuwa nao, tena mkubwa. Na sisi tunao. Hebu niambieni, katika sisi ni nani asiyejua habari za watu wa mbali? Fulani kaachwa, fulani kaumia, fulani kabadilisha timu. Lakini ukiulizwa yule uliyekuwa unakaa naye, unasema nini? Unasema kanuna. Unasema anaringa siku hizi. Unasema imani yake imepoa. Huo ndio mkia tunaombandika mtu, na ukishambandika hulazimiki tena kwenda kwake. Dakika arobaini si mbali. Lile neno tulilomwekea ndilo linafanya nyumba yake iwe mbali.

Na wale wa kundi la nyuma walikuwa wanafukuzana na saa, ndugu zangu. Hawakuwa na nafasi. Hakuna mtu mwenye nafasi. Walijihesabu wakiwa njiani, na walijua watachelewa.

Sasa na sisi tujihesabu. Msinitazame mimi, tazamaneni. Pale dirishani, safu ya tatu, nani alikuwa anakaa pale na mwavuli wake? Ni Jumapili ya ngapi sasa? Basi nitajibu mimi, ni ya tano, na mlango wake naupita kila siku ya soko, na kila siku ya soko ninasema nikirudi. Nami ni mama wa mizani tu, jamani, mizani yangu ni mdomo huu.

Nilikuwa na sehemu ya pili ya maneno yangu. Nimeiacha. Tusimame tusali, iwe sala fupi, na yeyote asivue viatu wala asifungue chakula alichokuja nacho. Tukisema amina tunapita njia ya kwake wote, wenye baiskeli watangulie. Huenda leo bado amepika.