Kifaru Steringi na Mawe ya Mama Pimbi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mlima.

Mlima wa nini?

Wa mawe.

Mawe ya nani?

Aa, mmenyamaza. Mwanzo mlikuwa mnajibu kwa mbwembwe, sasa mmekwama. Basi kaeni vizuri niwaambie. Na wewe Malimi, toa hicho kidole puani, hadithi haiingilii huko.

Hapo zamani, si zile za kale sana, ni zile za televisheni zenye chogo, palikuwa na Kifaru. Kifaru huyu alikuwa baunsa, mtunisha misuli hasa. Alikuwa na kifua hapa, na nyuma ya hicho kifua kingine. Shingo hakuwa nayo, ilishamezwa na mabega. Kazi yake kutwa ilikuwa moja tu, kunyanyua mawe. Anainama, anashika jiwe, hng'. Analipandisha, hng'. Analifikisha juu, anageuka huku, anageuka huku, halafu analiachia, puu. Kanga wote wanaruka.

"Mnaona?" anauliza.

"Tunaona," wanyama wanajibu.

Na ninyi nikisema mnaona, mnajibu tunaona. Msiniache nijibu peke yangu kama mwehu.

Sauti yake sasa ndiyo ilikuwa kichekesho. Mwili wote ule, akifungua mdomo inatoka kwiii, kama bawaba ya mlango inayotaka mafuta. Na macho ndiyo hayo hayo. Kifaru haoni mbali. Pembe yake inapoishia, dunia nayo kwake imeishia. Malimi anataka kujua kama ni kweli. Nenda kamwulize mwenyewe, utatukuta hapa hapa.

Basi, siku hizo Ngedere alikuwa dairekta. Alikuwa na kamera yake ya miguu mitatu, na kibuyu kilichokatwa kitako, ndicho alichopigia kelele za kazi. Alikuwa anatengeneza filamu ya majambazi, akatafuta mtu wa kuziba mlango wa pango. Akamwona Kifaru, akamwambia njoo usimame hapa. Kifaru akasimama. Na tuseme ukweli, alisimama vizuri. Filamu ilipotoka, wanyama wakajazana mbele ya televisheni yao ya chogo pale uwanjani, wakamwona Kifaru kaziba mlango, wakapiga makofi. Kifaru akayasikia yale makofi. Ugonjwa ulianzia hapo.

Filamu ya pili akapewa na maneno. Maneno yenyewe yalikuwa "Hupiti hapa." Filamu ya tatu akawa steringi, mwenye picha yake. Halafu ikaja tamthilia, kila jioni Kifaru, kila jioni Kifaru, mpaka vifaranga wa kanga wakajua jina lake kabla ya jina la mama yao.

Sasa kuigiza kwenyewe, hajui. Ngedere akimwambia hapa mama yako amefariki, lia, Kifaru anatunisha mkono. Hapa umempenda binti wa watu, mwambie, Kifaru anatunisha mgongo. Hapa umenyweshwa sumu, Kifaru anatunisha kifua upande wa kushoto, anatunisha upande wa kulia, ndipo anakubali kufa. Na kwa kuwa macho yake hayafiki kwenye kamera, alikwenda kwa neno tu. Akisikia kibuyu kinasema "Ekisheni," anaanza. Kikisema "Kata," anaacha. Kikisema "Rudia," anarudia tangu mwanzo wala haulizi kwa nini.

Na ulafi alikuwa nao, wa majani na wa kila kitu. Swala alipangiwa awe bibi harusi, Kifaru akasema bibi harusi nicheze mimi. Wakamfunika shela, pembe ikalitoboa. Fisi alipangiwa awe adui, Kifaru akasema na adui nicheze mimi. Ikawa steringi ni yeye na adui ni yeye. Anajipiga ngumi mwenyewe, puu, anaanguka kama adui, anakufa. Anajikung'uta vumbi, anaamka kama steringi, anasema "Mnaona?" Na Ngedere angesema nini? Ngedere na uzito wake ule, mbele ya kifua kile?

Wanyama wengine wote wakabaki kuwa watazamaji. Lakini hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni mawe.

Maana kila tamthilia mpya ilitaka kifua kipya, na kila kifua kipya kilitaka jiwe jipya. Na mawe Kifaru aliyatoa wapi? Aliyatoa kwenye mlima wa Mama Pimbi.

Pimbi mnamjua. Mdogo, wa mviringo, hana mkia, na hata leo mtu akitaka kukudharau anakuita pimbi. Mama huyu alikuwa mjane, na watoto wake walilala kwenye nyufa za mawe, kwa sababu juu angani kuna Tai, na Tai hapendi kitu kama kitoto cha pimbi. Kifaru anakuja asubuhi, anachagua jiwe, hng', anaondoka nalo mpaka uwanjani kwake. Mama Pimbi anarudi kutoka malishoni, nyumba haina paa. Anahamisha watoto kwenye ufa mwingine. Kesho yake, hng', nyumba haina paa. Wanahama tena. Ikawa hivyo mpaka mlima ukawa kipara, likabaki jiwe moja bapa, na watoto wote chini yake wamebanana.

Siku moja Tai akashuka, fyuuu, akamkamata kitinda mimba, jina lake Kibe. Mama Pimbi akaruka, akamng'ang'ania mwanawe miguu, wakavutana mpaka Tai akaachia. Kibe akabaki na kidonda mgongoni. Mama Pimbi alilia siku hiyo, alilia kweli, na hapa msicheke.

Akajifuta machozi, akaenda kwa Kifaru. Akamsalimia kwa heshima zote, akamweleza habari za Tai, akamwomba amrudishie mawe, hata machache. Kifaru alikuwa anajipaka mafuta kwapani. Akasema kwa ile sauti yake, "Wewe ni pimbi. Nikikurudishia mawe, hiki kifua watu watakiangaliaje? Watoto wako wanaonyeshwa kwenye televisheni? Kesho nakuja kuchukua na hilo lililobaki."

Mama Pimbi akaondoka. Hasira alikuwa nazo zimemjaa mpaka kwenye masikio, lakini hasira ya pimbi itamfanya nini kifaru. Akaenda moja kwa moja kwa Ngedere, akamkuta amelala juu ya tawi, amechoka na maisha. Akamwomba kile kibuyu cha kazi. Ngedere hakuuliza ya nini. Alimpa, akageukia upande wa pili, akalala.

Asubuhi Kifaru akaja. Kutembea kwake kunasikika kabla hajafika, tii, tii, tii. Alipofika chini ya mlima akasikia kibuyu kinanguruma kutoka juu, sauti ya puani ile ile ya Ngedere. Maana pimbi mumwone hivyo hivyo, sauti anayo ya kutosha wilaya nzima.

Kibuyu kikasema kuna tamthilia mpya, haijapata kutokea. Steringi ni fundi mwenye nguvu kuliko wote. Anakuta mjane hana nyumba, anamjengea nyumba ya mawe kileleni, peke yake, bila kusaidiwa.

Kifaru akauliza kama kifua kitaonekana. Kibuyu kikasema kitaonekana mwanzo mpaka mwisho. Akauliza mjane anacheza nani. Kibuyu kikakohoa kidogo, kikasema atatafutwa.

"Asitafutwe," Kifaru akasema. "Na mjane nicheze mimi."

Mama Pimbi hakuwa amelitarajia hilo. Lakini angefanyaje, akakubali.

"Ekisheni."

Kifaru akakimbia uwanjani kwake, akashika jiwe, hng'. Akapanda nalo mlima, hng', hng', hng'. Akafika juu, akalitua, puu.

"Mnaona?"

"Tunaona." Maana wanyama walishasikia vishindo, wakaja wote kutazama. Waliona mlima, waliona Kifaru, waliona Mama Pimbi kajificha nyuma ya kichaka na kibuyu mdomoni. Kamera hawakuiona. Wakatazamana, wakaziba midomo.

"Kata," kibuyu kikasema. "Safi sana. Ila jua lilikupiga mgongoni, kifua kikaingia kivuli. Rudia."

Kifaru akainama kulichukua jiwe lile lile. Kibuyu kikamzuia haraka, kikasema hilo watazamaji wameshalizoea, achukue lingine. Akateremka, akachukua lingine, hng'. Akapanda, hng', hng', hng'. Puu.

"Kata. Hiyo ilikuwa picha ya kutokea mbali. Sasa ya karibu. Rudia."

Hng'. Hng', hng', hng'. Puu.

"Kata. Sasa ya ubavuni. Na hilo jiwe lisogeze kushoto. Kushoto tena. Hapo. Acha upenyo mdogo, mjane ana watoto. Rudia."

Jasho likamtoka, ulimi ukamtoka, lakini kila akisikia "Rudia" anarudia. Yale makofi yalikuwa bado yanamlia masikioni. Akapandisha ya kwapa, akapandisha ya mgongo, akapandisha ya machozi, nayo akaitunishia mkono. Jua lilipoanza kuelemea upande, uwanja wa Kifaru ulikuwa mweupe na mlima wa Mama Pimbi umerudi kuwa mlima. Watoto wa pimbi walishaingia ndani kabisa, na Tai anazunguka juu haoni hata sikio.

"Kata," kibuyu kikasema. "Imekwisha. Nenda kapumzike, kaka."

Ingeishia hapo, ningekuwa nimeshalala. Lakini Kifaru akakumbuka.

"Bado mjane," akasema. "Mjane hajaingia nyumbani kwake."

Akajilegeza mabega, akajifanya mjane. Akautafuta ule upenyo kwa pua, akaingiza pembe. Pembe ikaingia. Akaingiza pua, ikaingia nusu. Akasukuma. Huko ndani akasikia vicheko, hihihi, hihihi, na kitu kidogo kikamgusa puani. Kilikuwa Kibe na mkono wake.

Kifaru akanusa. Akanusa tena. Harufu ya pimbi. Akatoa pua, akageuka, akanusa kichaka, harufu ya pimbi. Akanusa kibuyu, harufu ya pimbi na ngedere kwa mbali. Kamera haina harufu popote.

Jamani, alikasirika huyu bwana. Alipiga mguu chini mpaka vumbi likafunika mlima. Akalishika jiwe la juu kabisa, paa lenyewe, akalinyanyua, hng', na watoto wote wa pimbi wakaonekana wamekodoa macho. Na huko angani Tai akakunja mabawa.

Mama Pimbi akatupa kibuyu. Akatoka kichakani, akasimama mbele ya Kifaru, kimo chake hakifiki hata gotini. Akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Kaka, sasa hivi unabomoa nyumba ya mjane, na watoto wamo ndani. Kwenye picha, mtu anayefanya hivyo anaitwa nani?"

Kifaru akageuza sikio. Jiwe liko juu.

Wanyama wakajibu wenyewe. "Adui."

"Na mwisho wa picha adui anakuwaje?"

"Anakufa," wakasema wote, hata Fisi, kwa utamu kabisa.

Kifaru akaganda. Maana hilo alilijua, na alilijua kuliko wote. Amekuwa adui mara nyingi, na kila mara alikufa. Ila siku zote akishakufa kama adui, alikuwa anaamka kama steringi. Leo steringi alikuwa amesimama pale chini, ana kimo cha kibuyu. Akifa leo, wa kuamka hayupo.

Akamgeukia Mama Pimbi. Akauliza kwa kisauti chake, "Na nikilirudisha?"

"Ukilirudisha," Mama Pimbi akasema, "umeokoa watoto wa mjane. Wewe ndiye steringi. Na steringi hafi."

Kifaru akashusha lile jiwe. Hakuliachia, jamani. Alilishusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akalipanga pale pale, akalisawazisha kwa kidevu. Tai akapita juu, fyuuu, akakuta mawe matupu, akaondoka zake.

Wanyama wakapiga makofi ambayo hakuna televisheni iliyowahi kuyaonyesha. Kifaru akageuka huku, akageuka huku. Hakutunisha kitu. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli, mara ya kwanza katika kazi yake yote, na kamera hakuna.

"Mnaona?" akauliza.

Mnajibu nini?

Haya.

Ndiyo sababu mpaka leo kifaru akisikia kelele tu porini anakurupuka mbio kukifuata asichokiona. Anadhani ameitwa kazini.

Na funzo la hadithi, maana mama zenu wataniuliza nimewafunza nini. Funzo ni kwamba uongo ni mbaya sana, watoto. Mtazameni Mama Pimbi. Alidanganya kutwa nzima, na matokeo yake amebaki na nini? Nyumba imara, watoto wote wazima, na wanyama wote wanamwamkia. Aibu tupu. Kwa hiyo mtu mwenye kifua kikubwa akija kubeba paa la nyumba yenu, semeni ukweli, mwonyesheni na lilipo jiwe zuri zaidi.

Hadithi imefika mlangoni kwake, nami naifungulia iingie. Ikiwa imenoga, gawaneni. Ikiwa haikunoga, nirudishieni niitie chumvi.