Saa ya Mita Mia Tatu

Wapendwa, naomba kila mmoja ajione amesimama mlangoni mwa duka moja la saa mjini, lile la vioo, lenye ubaridi unaokufanya ujifute viatu kabla hujaingia. Mmeliona? Wale wa nyuma pia? Haya, tuingie polepole, na watoto wasiguse kioo.

Ndani yupo kijana mmoja, fundi wa vigae. Mikono yake imezoea saruji, lakini leo amevaa shati la pasi. Mbele yake dada muuzaji, mwenye glavu nyeupe, ameweka saa mbili juu ya kitambaa. Zote ni saa za michezo, za chuma, zinazong'aa. Moja ni milioni nne. Nyingine ni milioni tisa.

Kwa nini anahangaika? Jumamosi anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti anayetaka kumuoa. Binti anampenda. Ila jibu litatoka kwa baba yake, na kijana anataka baba huyo amtazame mara moja tu na kuona mtu wa maana.

"Dada, mbona zinafanana?" anauliza. "Hizo milioni tano zimejificha wapi?"

"Kwenye maji, kaka. Hii ya milioni nne inahimili maji mpaka mita mia. Hii nyingine, mita mia tatu."

"Mita mia tatu kwenda wapi?"

"Chini. Chini ya bahari."

"Huko chini kuna nini?"

"Sijawahi kufika, kaka. Ila ukienda, saa itarudi nzima."

"Na mimi je?"

"Waranti ni ya saa peke yake."

Kijana akacheka. Akaivaa ya milioni nne, akaivua. Akaivaa ya milioni tisa, akaivua. Alizivaa na kuzivua mpaka yule dada akavuta kiti akakaa. Nani kati yetu hajawahi kusimama dukani hivyo, moyo uko kwenye ya bei kubwa na akili iko kwenye ya bei ndogo? Mwishowe moyo ukashinda. Akachukua ya mita mia tatu, na njia nzima akawa anajiambia, "Hata baharini, saa hii haishtuki."

Jumamosi ikafika. Huko kwa kina binti wana desturi yao. Mkwe akija mara ya kwanza, yeye mwenyewe ndiye anayewanawisha wazee mikono kabla ya chakula. Hamwagizi mtu. Anashika jagi kwa mikono miwili, anainama, anamimina. Wakishakula, ndipo jibu la posa linatolewa.

Wazee saba walikuwa wamekaa kwenye benchi barazani, na baba wa binti alikuwa wa mwisho. Ni mkulima wa mihogo. Alikuwa ametoka shambani muda huohuo, na vidole vyake bado vilikuwa na udongo. Shangazi wa binti akaleta beseni, akaliweka miguuni pa mzee wa kwanza, akamkabidhi kijana jagi.

"Haya mkwe, wazee wana njaa."

Kijana akalitazama jagi. Akautazama mkono wake wa kushoto. Akaliweka jagi chini, akaivua saa, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni. Kisha akaanza kumimina kwa mkono mmoja, mkono wa pili akiwa ameubana mfukoni ili saa isije ikatumbukia kwenye beseni. Mnaweza kukisia yaliyofuata. Mzee wa kwanza alinawa kiganja na goti. Wa tatu alilowa kandambili zote mbili. Shangazi akajishika kiuno, akasema kwa sauti ya kusikika, "Makubwa. Wazee tunawakogesha leo."

Alipofika kwa baba wa binti, yule mzee hakunyoosha mikono.

"Mkwe," alisema, "huko mfukoni umebeba kifaranga?"

"Hapana, mzee. Ni saa."

"Inaumwa?"

"Haiumwi, mzee. Niliona isije ikalowa."

"Kwani haiingii majini?"

Kijana hakujua kudanganya. "Inaingia, mzee. Inahimili mita mia tatu chini ya bahari."

Yule mzee akalichungulia jagi.

"Mwanangu," alisema, "hili ni la lita tatu."

Benchi zima likaangua kicheko, shangazi akashika nguzo. Lakini baba hakucheka. Alimtazama kijana kwa upole, akasema, "Sasa nisikilize. Juzi ulimwambia binti yangu kwamba unampenda hata kwenye dhiki. Ameniambia, na nimefurahi. Ila dhiki haiji kama bahari kila siku. Inakuja kama jagi. Siku amechoka, chakula kimeungua, amekujibu vibaya. Siku hiyo huo upendo wako utauvaa, au utaufunga kwenye leso usilowe?"

Kijana akaliweka jagi chini. Aliitoa saa mfukoni, akaivaa, akarudi mpaka kwa mzee wa kwanza, akaanza upya. Mikono miwili. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na saa ikalowa, na haikufa. Kwa baba wa binti alichukua muda mrefu kuliko wengine, kwa sababu udongo wa mihogo hautoki haraka. Wanaosimulia wanasema jibu lilitolewa palepale, kabla sahani hazijafunuliwa, na lilikuwa ndiyo.

Wapendwa, mimi sisemi msinunue saa nzuri. Ile ilikuwa saa nzuri kweli. Nasema sisi tunasimama hapa tunaimba kwamba tutamfuata Bwana hata kwenye moto. Ni kweli, imani hiyo tumepewa. Lakini ni nani hapa aliyeitwa motoni wiki hii? Nyoosheni mkono niwaone. Hakuna. Na ni nani wiki hii amegongewa mlango na jirani anayeomba chumvi mara ya tatu? Ni nani ana mzee nyumbani anayesimulia kisa kilekile kila jioni? Naona mnatazamana.

Uvumilivu tunautunzia siku kubwa. Msamaha tunautunzia kosa kubwa. Tunaogopa vitachakaa. Bwana aliyetupatia alijua vitakutana na nini, na hakutuambia tuvifunge kwenye leso.

Nawaomba mkumbuke jambo moja tu mkitoka hapa. Leo, kabla jua halijazama, mtu wa nyumbani mwako atakuomba kitu kidogo kwa wakati usioupenda. Mpe kwa mikono miwili.