Kamba wa Jiweni na Msamaha wa Damari

Hapo zamani, zamani ambayo machozi yake hayajakauka, alikuwako Tanga mjane aitwaye Damari. Marehemu mumewe, Yoeli, alimwachia tangi la kioo lililojaa maji ya bahari, na ndani yake samaki watatu. Damari alipogusa kioo walimjia, kama walivyokuwa wakimjia Yoeli. Katika vyote alivyoacha mumewe, hao tu ndio waliokuwa na pumzi.

Arobaini ya Yoeli ilipokaribia, shemeji yake Sefania alileta jiwe la matumbawe kulipamba tangi. Yoeli alikuwa na sheria: jiwe geni likae ndooni mwezi mzima, ili kila kilichojificha ndani yake kijitokeze na kutambuliwa. Sefania aliliweka ndooni siku tatu tu, kisha akalitia tangini.

Asubuhi ya kwanza samaki mmoja alikutwa amekufa, na juu ya maiti yake mnyoo mwenye manyoya, mgeni kwa wote. Akaitwa mwinjilisti Elkana, aliyesifika kwa kujua viumbe. Hakuinama hata kutazama.

"Huyu ni nyoka wa Edeni, mama. Mtoe."

Damari akamtoa, akamtia katika maji ya bomba yasiyo na chumvi. Mnyoo akajikunja, akafa.

Asubuhi ya pili, samaki wa pili. Asubuhi ya tatu, wa mwisho, ubavu umepasuliwa.

Damari akalitoa jiwe, akalitikisa juu ya beseni. Akaanguka kamba mwenye ngumi ngumu kama nyundo, akaligonga beseni: ta! ta! Ndipo wakajua kuwa muuaji ni huyo kamba; yule mnyoo alikuwa akila tu kilichokwisha kufa.

Keturah, dada yake Yoeli, akaufunika uso. "Mlio huo niliusikia tangu alfajiri ya kwanza."

"Ukanyamaza, wifi?"

"Nyumba ina msiba. Ningesema tangi linagonga, mngesema nimemsikia marehemu. Mngenicheka mpaka kanisani!"

Sefania akapiga magoti. "Shemeji, niliharakisha kwa heshima ya kaka. Wageni wa arobaini wangekuta tangi lisilo na pambo na jiwe ndooni?"

Elkana, aliyekuwa ameitwa tena, akasema, "Adamu aliwapa viumbe majina. Mimi nilimpa asiye na hatia jina la muuaji. Lakini mlitaka jibu upesi, nami niliona haya kusema sijui."

"Mimi angalau sikusema uongo," akasema Keturah.

"Wewe hukusema chochote, dada," akajibu Elkana.

Damari akawanyamazisha. "Imeandikwa tusameheane saba mara sabini. Najua. Lakini leo, Bwana anirehemu, nimeuchunguza moyo wangu na kuukuta msamaha mmoja tu."

Kisha akautazama mkono wake, ule uliomtia mnyoo katika maji ya bomba.

"Na mimi pia nauhitaji."

Ninyi mnaosikiliza, inameni mtazame vizuri kabla ya kumtaja mtu. Je, nani alistahili msamaha ule mmoja?